Yai la Genge au Yai la Uani? Hesabu ya Kuku Kumi Ndani ya Jiji

Mtume mtoto gengeni jioni na shilingi 2,000 akanunue mayai matano. Atarudi na chenji ya 250. Kesho yake utamtuma tena, na keshokutwa. Fedha hiyo haiumi, kwa sababu inatoka kidogo kidogo kama ya mkaa na ya vocha. Lakini mwezi ukiisha, familia ya watu sita inayokula mayai matano kwa siku imekula mayai 150, na imemwachia mwenye genge shilingi 52,500.

Hapo ndipo wakazi wengi wa Dar es Salaam wanapoanza kuuangalia uwanja wa nyuma kwa jicho jingine. Kwa nini tununue, na nafasi ipo? Mimi pia nilijiuliza hivyo nilipohamia Kinyerezi, na tangu hapo nimefuga kwa miaka minne, daftari likiwa limening'inia kwenye msumari mlangoni mwa banda. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na kuku ndio mali inayoisha bila habari kuliko zote.

Maswali ni mawili. La kwanza ni la mfuko: je, yai la uani ni nafuu kuliko la kununua? La pili ni la mtaa: je, mkazi wa jiji aruhusiwe kufuga kabisa? Nayajibu yote mawili hapa kwa pamoja, kwa sababu ipo gharama moja ya ufugaji isiyoandikwa kwenye daftari la mfugaji. Hiyo huilipa jirani.

Bei za kuanzia

Bei za mayai na chakula cha kuku hupanda na kushuka, na Mbagala si sawa na Mbezi. Kwa hiyo bei ninazoweka hapa ni mfano wa kufanyia hesabu. Zifute uweke za mtaani kwako, kisha ufuate njia ileile.

Yai moja la kisasa gengeni: shilingi 350. Trei ya mayai 30 kwa muuzaji wa jumla: 9,000. Mfuko wa kilo 50 wa chakula cha kuku wa mayai: 70,000, yaani 1,400 kwa kilo. Tetea wa kisasa aliyekaribia kutaga: 18,000. Kuku aliyemaliza kutaga akiuzwa kwa nyama: 9,000.

Chaguo la kwanza: kununua, lakini kwa trei

Kabla ya kuita fundi wa banda, angalia akiba iliyo karibu zaidi. Mayai 150 ni trei tano. Ukinunua kwa trei utalipa 45,000 badala ya 52,500, na hujafagia kinyesi wala kuamka alfajiri. Ni akiba ya shilingi 7,500 kwa mwezi kwa kubadili tu namna ya kununua.

Asiyeweza kutoa 9,000 kwa mkupuo anaweza kuchanga na majirani wawili, kila mmoja akachukua mayai kumi. Yai zima, safi na lisilooshwa likiwekwa kivulini penye hewa, ncha nyembamba ikiwa chini, hukaa wiki mbili bila shida hata bila friji. Familia ya watu sita humaliza trei kwa siku sita.

Trei ndiyo kipimo chetu. Ufugaji wowote nitakaoueleza hapa ushindane na shilingi 9,000 ya trei, si na 350 ya yai la gengeni. Watu wengi hujidanganya hapo: wanalinganisha kuku wao na bei ya juu kabisa, halafu wanashangilia faida isiyokuwepo.

Chaguo la pili: matetea kumi wa kisasa

Tetea wa kisasa huanza kutaga akiwa na wiki 18 hadi 20. Akitunzwa vizuri anaweza kutoa mayai 280 na zaidi katika mwaka wake wa kwanza. Uani, kwenye joto la Pwani na mikono ya watu wenye kazi nyingine, mimi naweka asilimia 75: kuku kumi, mayai saba na nusu kwa siku, 225 kwa mwezi. Ni trei saba na nusu.

Sasa matumizi ya mwezi mmoja.

Chakula: kuku mmoja hula wastani wa gramu 120 kwa siku. Kuku kumi kwa siku thelathini ni kilo 36, sawa na shilingi 50,400.

Banda na vyombo: banda dogo la mbao, wavu na bati, pamoja na vyombo vya chakula na maji, 270,000. Likidumu miaka mitano, kila mwezi unabeba 4,500.

Chanjo, dawa ya minyoo na vitamini: 4,000. Maranda ya mbao ya kutandika: 2,000.

Uchakavu wa kuku wenyewe: umewanunua kumi kwa 180,000. Baada ya miezi 15 ya kutaga utauza tisa, maana mmoja huwa anakufa njiani, na utapata 81,000. Pengo la 99,000 ukiligawa kwa miezi 15 ni 6,600 kwa mwezi.

Jumla ni 67,500. Gawa kwa trei saba na nusu: kila trei imekugharimu shilingi 9,000.

Soma tena namba hiyo. Ni bei ileile ya muuzaji wa jumla, na bado hujajilipa kwa jasho lako. Nilipoipata mara ya kwanza nilidhani nimekosea, nikarudia hesabu mara tatu. Sikuwa nimekosea. Mwenye kuku elfu tano ananunua chakula kwa tani na vifaranga kwa maboksi. Wewe unanunua mfuko mmoja na kuupakia kwenye bodaboda. Kushindana naye kwa bei ni kazi bure.

Unafuu unakuja kwa mlango mwingine. Familia inakula mayai 150, yanabaki 75. Ukiwauzia majirani kwa bei ileile ya gengeni, 350, unaingiza 26,250. Hapo mayai yako 150 yamekutoa 41,250. Ni pungufu ya 3,750 kwa aliyekuwa ananunua trei, na pungufu ya 11,250 kwa aliyekuwa ananunua moja moja. Ongeza mbolea ya mchicha na matembele. Faida ipo, lakini ni nyembamba.

Yanayoigeuza hesabu

Kwa kuwa faida ni nyembamba, mambo matatu yanatosha kuigeuza.

Jambo la kwanza ni kiwango cha kutaga. Kwa matumizi yaleyale ya 67,500, kuku wakitaga kwa asilimia 85 trei inashuka hadi karibu 7,900. Wakishuka hadi asilimia 60, trei inapanda hadi 11,250. Tofauti hiyo haitokani na bahati. Kuku hunywa maji takriban mara mbili ya uzito wa chakula anachokula, na joto likizidi hunywa zaidi. Kuku kumi wanahitaji lita mbili na nusu hadi tatu kila siku. Mwezi wa Februari niliwahi kusafiri siku mbili, chombo cha maji kikapinduka mchana wa siku ya kwanza. Niliporudi mayai yalikuwa yameshuka kutoka manane hadi matatu, na ilichukua karibu wiki mbili kurudi yalipokuwa.

Mwanga nao una neno. Tetea wa kisasa anataka saa 14 hadi 16 za mwanga ili atage sawasawa, na siku yetu hapa karibu na Ikweta ni kama saa 12 mwaka mzima. Taa ndogo ya wati tano ikiwaka saa tatu kila jioni haimalizi hata nusu uniti ya umeme kwa mwezi.

Jambo la pili ni bei ya chakula. Mfuko ukipanda kwa shilingi 10,000, matumizi yako yanaongezeka kwa 7,200 na trei inakaribia 10,000. Wengi hukimbilia kuchanganya wenyewe pumba za mahindi, mashudu ya alizeti, dagaa na chokaa. Inawezekana, lakini pumba peke yake zinamshibisha kuku bila kumpa protini, na kuku anayeshiba pumba hatagi. Mabaki ya ugali na maganda ya mboga ni nyongeza tu. Na chakula chenye ukungu usikinunue hata kikipunguzwa bei. Sumukuvu hukaa kwenye mahindi yaliyovunda. Inadhoofisha kuku na kushusha utagaji. Mkono utumbukize ndani ya mfuko kabla ya kulipa: ukikuta joto, mabonge au harufu ya uvundo, achana nao.

Jambo la tatu ni idadi. Watu wengi hudhani kuku wanne ni salama kwa kuanzia. Kwa mfuko, ni kinyume. Kichupa cha chanjo kinanunuliwa kizima hata kama una kuku wanne, banda dogo hugharimu zaidi ya nusu ya banda la kumi, na chakula unachonunua kwa kilo dukani kina bei kuliko cha mfuko. Nikipiga hesabu ya kuku wanne kwa njia hiyohiyo, chakula kikiwa 1,600 kwa kilo, trei moja inanifikia 11,100. Kuku wanne ni furaha ya watoto, na hilo ni jambo jema, ila ufuge ukijua unalipia furaha.

Chaguo la tatu: chotara

Chotara tunaowafahamu zaidi ni Kuroiler, aliyezalishwa kwa mara ya kwanza India, na Sasso, mwenye asili ya Ufaransa. Ni kuku wenye mwili, wavumilivu kuliko wa kisasa, na hutaga mayai 150 hadi 200 kwa mwaka wakilishwa vizuri.

Chukua mayai 180 kwa mwaka: matetea kumi watatoa 150 kwa mwezi, trei tano kamili, kiasi kilekile cha familia yetu. Kwa kuwa wanakula majani na mabaki kwa moyo, chakula cha kununua kinaweza kushuka hadi gramu 90 kwa kuku, kilo 27 kwa mwezi, 37,800. Ongeza banda, chanjo na maranda, unafika 48,300. Uzuri wake ni mwisho wa safari: uliyemnunua kwa 15,000 unamuuza kwa 18,000, maana nyama yake inatafutwa. Hata ukipoteza mmoja, fedha ya kuku imerudi na shilingi mia kadhaa juu kwa kila mwezi. Trei inakufikia kama 9,500.

Kwa yai tupu, chotara yuko nyuma kidogo ya kuku wa kisasa. Lakini kwa mtu anayeondoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi na kurudi saa mbili usiku, uvumilivu wake una thamani. Kuku wa kisasa akikosewa siku moja, utaona kwenye trei. Chotara husamehe.

Neno moja la uaminifu. Yai la chotara mara nyingi lina ganda la rangi ya maziwa kama la kienyeji, na la kienyeji huuzwa ghali zaidi. Usimuuzie jirani yai la chotara kwa jina la kienyeji. Mwambie ni la chotara, mpe la leo asubuhi, atarudi mwenyewe.

Kienyeji na kuku wa nyama

Kuku wa kienyeji anapendwa, na ladha yake haina mpinzani. Lakini hutaga mayai 40 hadi 60 kwa mwaka, kwa mikupuo, kisha anaatamia siku 21 na kulea. Matetea kumi watakupa kiasi cha mayai 40 kwa mwezi, na ukiyala yote hupati vifaranga. Kijijini hesabu yake inakubali kwa sababu anajitafutia. Jijini, penye kiwanja cha mita 20 kwa 20, kujitafutia maana yake ni bustani ya jirani, mtaro wa maji machafu na barabara ya bajaji. Na vifaranga wake watachukuliwa na kunguru weusi, ndege wa kutoka India walioletwa Zanzibar miaka ya 1890 na ambao leo wanatawala anga ya Dar es Salaam. Ukimfungia, anakula kama wengine na kutaga robo yao. Kienyeji wa jiji anaonekana bure, kumbe ndiye ghali.

Kuku wa nyama yuko tayari kwa wiki tano hadi sita. Kifaranga 2,000, chakula kilo tatu na nusu hivi, joto la kulelea, chanjo, maranda, na wale wanaokufa: unakaribia 8,700 kwa kuku mmoja, bei inayokaribiana na ya sokoni. Kwa ulaji wa nyumbani hana akiba ya kuzungumzia, na harufu ya kundi lake wiki ya tano ndiyo inayowagombanisha majirani wengi. Kwenye uwanja mdogo simpendekezi.

Gharama ya jirani

Mwaka wangu wa kwanza, mwezi wa Aprili, mvua za masika zilipokuwa zimekolea, mama mmoja wa nyumba ya nyuma aligonga geti asubuhi na mapema. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akasimama kidogo kabla ya kusema.

"Mwanangu, mimi sina ugomvi na kuku wako. Hata mimi nimefuga Morogoro. Ugomvi wangu ni harufu. Chakula tunakula tumefunga madirisha."

Nilienda bandani nikiwa na aibu. Bati lilikuwa linavuja pembeni, maranda yameloa. Siku hiyo nilijifunza kipimo ninachokitumia hadi leo: chota maranda, yakamue kiganjani, kisha fungua mkono. Yakiachana na kumwagika, ni makavu. Yakibaki bonge lenye alama za vidole, yameloa, na kutoka hapo harufu ni suala la siku mbili tatu. Kinyesi kikavu hakinuki sana. Unyevu ndio unaozalisha ile hewa kali inayochoma pua na macho. Tena kuku kumi hutoa kinyesi kama kilo moja kila siku, kama kilo 30 kwa mwezi. Usipokuwa na pa kuzipeleka kilo hizo, iwe shimo la mboji lililofunikwa au mkulima wa mchicha anayezichukua kila wiki, usianze kufuga.

Niliziba bati, nikaongeza upenu wa paa upande wa mvua, nikatandika maranda mapya unene wa sentimita kumi. Sasa nayageuza kwa reki kila siku ya pili. Mama yule leo ni mteja wangu wa trei moja kila wiki mbili. Sentensi yake ndiyo sheria bora ya kuku wa mjini niliyowahi kuisikia: ugomvi si kuku, ugomvi ni harufu.

Kelele nazo zina dawa rahisi ambayo wengi hawaijui. Tetea hahitaji jogoo ili atage. Jogoo anahitajika tu kama unataka vifaranga. Anayefuga kwa ajili ya mayai hana sababu ya kuamsha mtaa saa kumi alfajiri. Tetea hulia kidogo anapotaga, mchana, na hapo imekwisha.

Lipo pia suala la magonjwa. Mdondo, wengine huuita kideri, ukiingia kwenye kuku wasiochanjwa unaweza kuwamaliza karibu wote. Mwaka ule wa kwanza nilipuuza chanjo, na kati ya kuku kumi na wawili nilizika tisa ndani ya wiki moja. Chanjo ya I-2, inayotengenezwa hapa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, huhimili joto kuliko chanjo nyingi, na haihitaji sindano. Unamlaza kuku ubavu mapajani, unamfungua kope kwa kidole gumba, unadondosha tone moja jichoni, unasubiri apepese, unamwachia. Kila baada ya miezi mitatu. Kichupa kimoja kina dozi nyingi mno kwa kuku kumi, na kikishachanganywa hakiwekwi hadi kesho. Kwa hiyo siku ya chanjo tunapeana taarifa nyumba tano za mtaa wetu, tunachangia kichupa, na kila mmoja anapungukiwa gharama. Kuku wa jirani asiyechanjwa ni hatari kwa wako, kwa hiyo ushirika huu ni akiba na ni kinga.

Na ukiwapa kuku antibiotiki, soma kwenye paketi siku za kuacha kula mayai, uzifuate. Ukilisha familia yai lenye dawa, umepoteza sababu ya kufuga. Watoto wanawe kwa sabuni kila watokapo bandani, na yai lenye ufa lipikwe hadi liive kabisa.

Je, iruhusiwe?

Kilimo na ufugaji wa mjini si jambo geni katika sheria zetu. Kanuni za kilimo cha mijini za mwaka 1992 zilimruhusu mkazi kufuga hadi ng'ombe wanne, kwa sharti la kuwalisha ndani. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya 1982 inazipa halmashauri uwezo wa kutunga sheria ndogo, na Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 inawapa maafisa afya meno dhidi ya kero ya uchafu. Kabla hujanunua hata kuku mmoja, nenda ofisi ya serikali ya mtaa na kwa afisa mifugo wa kata, uliza sheria ndogo za manispaa yako zinasemaje. Mpangaji aulize na mwenye nyumba pia, mapema.

Majiji mengine yameshalitafakari jambo hili. Nairobi ilitunga sheria yake ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini mwaka 2015. New York, jiji lenye watu zaidi ya milioni nane, linaruhusu matetea na linakataza majogoo. Uingereza, tangu Oktoba 2024, humtaka kila mfuga kuku ajiandikishe, hata mwenye kuku mmoja, ili mafua ya ndege yakizuka wajue pa kuanzia. Sababu hiyo inatuhusu: Januari 2017 mafua makali ya ndege yalithibitishwa Uganda, kwenye Ziwa Victoria tunalochangia.

Nimewasikia wanaotaka kuku wapigwe marufuku kabisa mjini. Hoja zao za harufu, inzi na magonjwa ni za kweli, nami nimezionja. Lakini marufuku haiondoi kuku, inawaficha. Kuku aliyefichwa hufungiwa jikoni au chooni, hachanjwi kwa sababu mwenyewe anaogopa kumwita afisa mifugo, na akifa hutupwa mtaroni usiku. Marufuku inatupa yale yale tuliyoyaogopa, na inamnyang'anya mama mwenye watoto wanne yai la asubuhi.

Msimamo wangu ni huu: mkazi aruhusiwe, kwa masharti matano yanayoweza kukaguliwa na mtu yeyote mwenye macho na pua. Matetea wasizidi kumi na wawili kwa nyumba. Jogoo asiwepo. Kuku wakae bandani, si zaidi ya watano kwa mita moja ya mraba, na banda liwe mbali na dirisha la jirani. Chanjo ya mdondo iandikwe kwenye kadi. Jina la mfugaji liwe kwenye daftari la mtaa, bila ada ya kumkimbiza. Atakayevunja, apewe onyo na muda wa kurekebisha, kisha anyang'anywe ruhusa. Anayetaka kuku mia si mkazi anayejilisha tena, ni mfanyabiashara. Atafute eneo la shughuli hiyo.

Nani achague nini

Kama hamzidi watu watatu nyumbani, mnasafiri mara kwa mara, au mnaishi kwenye nyumba ya vyumba vingi yenye uwanja wa wote: nunueni kwa trei. Hamjapoteza kitu.

Kama mko watano au zaidi, kuna mtu nyumbani mchana, na mna majirani wawili watatu wa kununua mayai yanayobaki: matetea kumi wa kisasa. Nunueni waliokaribia kutaga. Vifaranga wanaonekana rahisi kwa 3,000 kila mmoja, lakini hadi watage kila mmoja amekula kama kilo nane, yaani 11,200. Ongeza joto, chanjo na vifo, gharama inafikia ileile.

Kama nyote mnatoka asubuhi, au mmezoea kununua mayai ya kienyeji kwa bei ya juu: chotara kumi. Mliozoea bei ya kienyeji, akiba yenu itakuwa kubwa kuliko ya wote, kwa sababu mnakimbia bei kubwa zaidi.

Kama unataka kutajirika, uani si mahali pake.

Wewe uliyekwisha amua, anza na mambo mawili kabla ya kuita fundi. Nunua daftari la kurasa 48 na uandike bei za leo. Kisha bisha hodi kwa jirani wa ukuta wa nyuma, umwambie unachokusudia, na umwonyeshe banda litakapokaa. Akisema lisogeze mita tatu, lisogeze. Hizo mita tatu ndizo gharama ndogo kuliko zote utakazolipa.